Kwa Mguu Kupita Mlima wa Mtakatifu Bernardo

Kwetu Kivu mtu anayekwenda mbali kwa mguu huonewa huruma. Watu husema: «Maskini, hakupata gari.» Mama anayerudi sokoni na mzigo mgongoni, mtoto anayeshuka vilima viwili ili afike shuleni, mgonjwa anayechukuliwa kwa machela: hao wote huenda kwa mguu kwa sababu hawana njia nyingine. Kwa hiyo nilipofika Uswisi kwa masomo ya mwaka mmoja, nilistaajabu kuona watu wenye magari mazuri wakiyaacha nyumbani siku ya Jumamosi, wakifunga viatu vizito na kupanda milima kutwa nzima. Wala hawakuwa na kitu cha kuuza huko juu. Nikamwuliza mwenyeji wangu: «Wanakwenda kutafuta nini?» Akacheka, akanijibu: «Nenda ukaone mwenyewe.»

Basi, nilikwenda. Leo nataka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, habari za njia moja niliyoifuata kwa siku sita, ili yule kati yenu atakayejaliwa kusafiri ng'ambo asizimalize siku zake zote za mapumziko mjini, akitazama madirisha ya maduka. Tena nataka kuungama kosa nililolifanya njiani, kwa kuwa kosa hilo lilinifundisha kuliko uzuri wote niliouona.

Njia ya kale

Kati ya Uswisi na Italia imesimama safu ya milima mirefu iitwayo Alpi. Mahali pachache tu milima hiyo inaacha mwanya wa kupita. Mwanya mmoja mashuhuri huitwa Grand-Saint-Bernard, nao uko kwenye kimo cha meta 2469. Warumi waliupita, wakajenga huko juu hekalu la mungu wao Jupiter. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury katika Uingereza, aliupita akitoka Roma kupokea palio yake, na vituo vyake vya safari viliandikwa kimoja kimoja. Kwa maandishi hayo watu wa siku hizi wameifufua njia yote ya Canterbury hata Roma, nayo huitwa Via Francigena. Tangu mwaka 1994 Baraza la Ulaya limeihesabu miongoni mwa njia za urithi wa bara hilo.

Kuikamilisha njia yote ni kazi ya miezi. Sisi tulichagua kipande chake cha katikati, kutoka mji wa Saint-Maurice katika jimbo la Valais mpaka mji wa Aosta katika Italia, kilometa 90 hivi. Nasema «sisi» kwa maana nilikuwa pamoja na mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuwa akisoma nami. Umri wake ni miaka hamsini na miwili. Mimi sijatimiza arobaini. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita mdogo wangu, kama ilivyo desturi ya kwetu.

Saint-Maurice, mji wa mtu wa Afrika

Tulianza safari mbele ya kaburi la Mwafrika. Naam, msishangae. Mapokeo ya Kanisa, yaliyoandikwa na Mtakatifu Eukeri, Askofu wa Lyon, katika karne ya 5, yanasema kwamba Maurisi na askari wenzake walikuwa watu wa Thebe katika nchi ya Misri. Waliletwa Ulaya katika jeshi la Roma, wakauawa hapo kwa sababu walikataa kuwatesa Wakristo. Mwaka 515 mfalme Sigismundo alianzisha monasteri mahali hapo, na maisha ya sala hayajakoma ndani yake hata leo. Mzee alisimama kimya kitambo, kisha akasema: «Mdogo wangu, kumbe sisi si wageni wa kwanza kutoka Afrika katika bonde hili.»

Siku ya kwanza ni nyepesi. Njia inafuata bonde la mto Rhône, tambarare, kilometa kama 16 mpaka Martigny. Pembeni maji ya Pissevache yanaanguka kutoka genge lenye kimo cha zaidi ya meta 100, na upepo unaleta manyunyu yake usoni pa mpita njia. Tulikula mkate mweusi wa nchi ile na jibini, tukafika mapema, tukajiona mashujaa.

Vibao vinavyohesabu saa

Hapa sharti niseme jambo moja kuhusu njia za Uswisi. Mwaka 1979 wananchi walipiga kura, wakakubali njia za miguu ziingizwe katika Katiba ya nchi. Sheria ikafuata mwaka 1985. Leo kuna kilometa zipatazo 65000 za njia za miguu zenye alama. Kila njia panda kuna kibao cha manjano. Na pale ambapo njia ni ya mlimani, yenye mawe na mteremko mkali, mawe na miti vimepakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe tena. Mtu hahitaji kubahatisha.

Nacho kibao hakikutajii kilometa. Kinakutajia saa: saa mbili na dakika kumi mpaka kijiji fulani, saa nne mpaka kingine. Nilifurahi mno kuona hivyo, maana ndivyo wazee wetu walivyopima safari. Ukimwuliza babu umbali wa misioni, hakuambii kilometa. Anakuonyesha mahali jua litakapokuwa utakapofika. Wenye kuviandika vibao wamehesabu mwendo wa kilometa 4 na kidogo kwa saa kwenye tambarare, kisha wakaongeza muda kwa kila mpando na mteremko. Lakini kibao hakijui goti la nani linauma. Hilo nililisahau, kama mtakavyosikia.

Mpando wa siku mbili

Toka Martigny njia inaingia bonde jembamba la mto Dranse. Mto huo una historia ya kutisha. Tarehe 16 Juni 1818 barafu iliyokuwa imeziba bonde la juu ilipasuka ghafula, na maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma yake yakashuka mpaka Martigny, yakibeba nyumba na madaraja. Watu wapatao 40 walikufa. Kwa hiyo watu wa huko hawaisemi milima kwa mzaha.

Katikati ya bonde njia ina mawe na mizizi, na mara nyingine inapita juu ya genge. Hapo ndipo goti la Mzee lilipoanza kuuma. Gari-moshi dogo linapanda kutoka Martigny mpaka Orsières, nami nilimshauri alipande. Akakataa. «Twende pole pole,» akasema, «mwenda pole hajikwai.» Jioni tuliona mnara wa kanisa la Orsières, wa mawe, wa karne nyingi.

Katika parokia hiyo ya Orsières, kwenye kijiji cha La Rosière, alizaliwa mwaka 1910 mtoto wa mkulima aliyeitwa Maurice Tornay. Akawa padri katika shirika la Wakanoni wa Grand-Saint-Bernard, akatumwa kuhubiri Injili kwenye mpaka wa China na Tibet. Walimfukuza katika misioni yake. Akafunga safari kwenda kuwaombea Wakristo wake haki, lakini aliviziwa na kuuawa katika mlima tarehe 11 Agosti 1949. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1993. Mtoto aliyejifunza kutembea katika mlima mmoja alitoa uhai wake katika mlima mwingine kwa ajili ya watu aliokabidhiwa.

Siku ya tatu tulipanda mpaka Bourg-Saint-Pierre, kijiji cha mwisho, meta 1632. Njia inapita kati ya malisho. Ng'ombe wa nchi ile ni weusi, wafupi, wenye nguvu. Majike yake hupigana pembe kwa pembe kutafuta nani awe malkia wa kundi, na watu hufunga safari kwenda kuyatazama. Kengele zao zinasikika bonde zima. Katika mwezi wa Mei 1800 jeshi la Napoleon, watu wapatao 40000, lilipita kijiji hiki likienda Italia, nalo lilikokota mizinga ndani ya magogo yaliyochongwa kama mitumbwi. Ninyi wanafunzi labda mmeona katika vitabu picha ya Napoleon juu ya farasi anayeinua miguu ya mbele. Mchoraji alimpamba. Kwa kweli Napoleon alipita hapo juu ya nyumbu, akiongozwa na mwenyeji wa mlima. Hata mkubwa huyo alihitaji mtu anayeijua njia.

Mlima mfupi usiudharau

Kabla ya kulala, mimi nilikuwa nikijisifu. Nilimwambia Mzee: «Mlima wetu wa Kahuzi una meta 3308, na Nyiragongo meta 3470. Huu hauna hata 2500. Kesho ni mchezo.» Mwalimu mzima nilisahau somo la jiografia ninalolifundisha. Kahuzi iko karibu na ikweta, ambapo jua hupita juu ya vichwa vyetu mwaka mzima. Grand-Saint-Bernard iko karibu nyuzi 46 kaskazini. Huko jua hulala pembeni, na theluji hufunga barabara ya juu tangu vuli mpaka karibu na mwezi wa Juni. Wakati huo magari hupita chini, katika handaki la karibu kilometa 6 lililofunguliwa mwaka 1964. Mwenye kutaka kufika juu huenda kwa miguu yake, juu ya mbao za kutelezea au viatu vya theluji.

Sisi tulikuwa mwanzoni mwa Julai. Saa moja asubuhi tuliondoka chini ya anga safi. Tulipita kando ya ziwa la Toules, lililofanywa na watu kwa kuziba mto kwa ukuta mkubwa. Tuliona panya wa mlimani, wakubwa kama paka, wakisimama wima na kupiga mbinja walipotuona. Maua madogo ya buluu na ya manjano yalifunika ardhi. Naam, nilielewa wale watu wa Jumamosi walikuwa wakitafuta nini.

Karibu na saa sita ukungu ulishuka. Kwanza ulifunika vilele, kisha mawe ya mbali, kisha mawe ya karibu. Upepo wa baridi ukaanza. Goti la Mzee lilikuwa limevimba, naye alisimama kila baada ya hatua ishirini. Kibao cha mwisho kilikuwa kimetuonyesha kwamba zimebaki chini ya saa mbili, nasi tulikuwa tumekwisha kuutumia muda huo wote. Nikamwambia: «Mzee, mimi natangulia kidogo nikaangalie njia.»

Wasomaji wapenzi, huo ulikuwa uongo. Njia ilikuwa na alama zake, haikuhitaji kuangaliwa. Mimi nilikuwa nimechoka kumngoja. Nilitaka kufika, nilitaka chakula cha moto, nilitaka kusema kwamba nimeupanda mlima sawasawa na kibao. Nikaenda. Nilipita penye theluji iliyobaki katika bonde dogo, nikapanda ngazi za mawe, na miguu yangu ilifurahi kwenda mwendo wake. Nilipogeuka sikuona mtu. Nikaita. Upepo ulichukua sauti yangu. Nikaita tena, na hakuna aliyejibu.

Hapo nikakumbuka jina la mahali pale kwenye ramani. Bonde hilo la mwisho huitwa Combe des Morts, ndiyo kusema Bonde la Wafu. Liliitwa hivyo kwa ajili ya wasafiri ambao theluji iliwazika humo, hatua chache kabla ya kuokoka. Nilihisi baridi ambayo haikutoka kwa upepo. Nilijiuliza nitamwambia nini mke wake, na watoto wake wanne, na walimu wenzetu waliotusindikiza.

Nikarudi chini. Sikukimbia, kwa maana mawe yalikuwa yameloa. Nilikwenda kutoka alama moja ya nyeupe na nyekundu mpaka nyingine. Kila nilipofika kwenye alama nilisimama na kusikiliza. Baadaye nikasikia mgongano: fimbo juu ya jiwe. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha kimya. Kisha tena sita.

Mwenyeji wetu alikuwa ametufundisha ishara hiyo kabla ya safari. Katika Alpi mwenye shida hutoa ishara sita katika dakika moja, kwa sauti au kwa taa, kisha hupumzika dakika moja, kisha huanza tena. Anayemjibu hutoa ishara tatu. Mimi niliisikiliza kwa sikio moja. Mzee aliitia moyoni. Nikapiga jiwe mara tatu kwa fimbo yangu, na machozi yakanitoka.

Nilimkuta ameketi kando ya jiwe lenye alama, amevaa nguo zote alizokuwa nazo, hakuondoka hata hatua moja. «Nilijua utarudi,» alisema. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kugombezwa. Nikachukua mfuko wake, nikauweka juu ya wangu. Nikamwomba atangulie, nami nikafuata nyuma yake kwa mwendo wake. Tulitumia saa nzima na zaidi. Kisha katika ukungu ukatokea ukuta mkubwa wa mawe, na katika ukuta huo mlango.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya aliyechelewa

Nyumba hiyo ni Hospisi ya Grand-Saint-Bernard. Karibu na mwaka 1050 Bernardo, Arkidiakoni wa Aosta, alisikitika kwa ajili ya wasafiri waliokufa kwa baridi au kuvamiwa na wanyang'anyi katika mwanya ule, akajenga hapo juu nyumba ya kuwapokea. Wakanoni wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino wanaikaa mpaka leo, kiangazi na wakati wa theluji. Mlango wake, kwa desturi ya karne nyingi, haufungwi kwa ufunguo. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye mwenyewe alikuwa mpandaji hodari wa milima katika ujana wake, alimtangaza Mtakatifu Bernardo msimamizi wa watu wa milimani.

Tulisukuma mlango, tukaingia. Tulipewa chai ya moto kabla ya kuulizwa majina yetu. Juu ya karatasi za nyumba ile nilisoma maneno ya Kilatini ambayo ni kauli yao, nami kwa Kilatini kidogo cha seminari niliyafasiri kwa Mzee: Hapa Kristo huabudiwa na hulishwa.

Zamani, kila siku ya majira ya theluji, watu wa nyumba hii walishuka pande zote mbili za mlima pamoja na mbwa wao kuwatafuta waliokwama, wakichukua mkate na divai. Mbwa aliyesifiwa kuliko wote ni Barry, aliyeishi kati ya mwaka 1800 na 1814. Husemwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Bern. Lile pipa dogo la pombe ambalo wachoraji humtundikia shingoni ni hadithi tu. Siku hizi helikopta ndizo zinazotafuta waliopotea, na tangu mwaka 2005 mbwa hao wanatunzwa na shirika maalumu huko Martigny. Katika kiangazi baadhi yao huletwa juu, na watoto huwakimbilia.

Usiku ule niliomba msamaha. Mzee alinyamaza, kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema katika miezi yote tuliyokaa pamoja. Mwaka 1996, vita vilipofika Bukavu, alitoka mjini kwa mguu pamoja na mama yake, wakifuata umati uliokuwa ukielekea Walikale. Mama yake alikuwa na mguu mbovu. Watu wenye nguvu walipita, na hakuwalaumu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na watoto wake. «Lakini palikuwa na mtu mmoja tusiyemjua,» alisema. «Kila tulipopanda kilima, tulimkuta juu ameketi, anatungoja. Tukifika anasimama, anakwenda, na kwenye kilima kingine tunamkuta tena. Hakutuambia neno. Hata leo sijui jina lake. Leo katika ukungu nilisema moyoni: mdogo wangu naye atakaa juu mahali fulani.»

Sikupata jibu. Nililala nikifikiri kwamba Bernardo wa Aosta alijenga nyumba nzima ili afanye kazi ya mtu yule: kukaa juu ya kilima na kumngoja aliye nyuma.

Kushuka Italia

Asubuhi anga lilikuwa safi kama kwamba ukungu haukuwahi kuwapo. Nyuma ya hospisi kuna ziwa dogo. Vipande vya barafu vilikuwa vingali vinaelea. Mpaka wa nchi mbili uko mwisho wa ziwa. Ng'ambo ya mpaka sanamu ya Mtakatifu Bernardo inatazama chini, karibu na mahali palipokuwa na hekalu la Jupiter. Mzee alikuwa amefungwa goti kwa kitambaa, akashuka akitegemea fimbo mbili.

Kijiji cha kwanza cha Italia huitwa Saint-Rhémy. Zamani watu wake walikuwa na wajibu wa kuwaongoza wasafiri katika theluji na kuwachukulia mizigo yao, na kwa huduma hiyo watawala wa Savoia waliwasamehe uaskari. Tazameni: kumfikisha mgeni salama kulihesabiwa kuwa sawa na kulinda nchi.

Kupita Étroubles, njia inafuata mfereji wa kale wa kumwagilia mashamba, chini ya kivuli cha miti, maji yakienda pamoja nawe. Siku ya sita tuliingia Aosta, meta 583 tu. Tulikuwa tumeshuka karibu meta 1900 kwa siku mbili. Lango la Augusto, lililojengwa mwaka 25 kabla ya Kristo, lingali limesimama. Mtakatifu Anselmo, Mwalimu wa Kanisa, alizaliwa katika mji huo mwaka 1033. Tuliketi kwenye ngazi za kanisa, tukavua viatu.

Kwa yeyote atakayekwenda

Nawapa mashauri machache. Nenda kati ya Julai na katikati ya Septemba. Viza moja ya Schengen yakutosha kwa Uswisi na Italia, lakini pasipoti isikutoke. Fedha ni faranga upande mmoja na euro upande wa pili. Kifaransa chetu cha shule kinafaa njia yote, maana katika bonde la Aosta nacho ni lugha rasmi pamoja na Kiitaliano. Viatu viwe vimekwisha kuzoea mguu wako. Chukua koti la mvua, sweta na maji, hata kama jua linawaka. Tazama utabiri wa hali ya anga kila asubuhi, na radi au ukungu ukitangazwa, ahirisha safari. Mlima utakuwapo kesho. Mwambie mtu wa nyumba uliyolala unakwenda wapi. Namba ya kuomba msaada ni 112, na katika Valais pia 144. Asiyeweza kupanda aende kwa basi, ambalo katika kiangazi hufika mpaka hospisi, si aibu. Na mkiwa wawili, msiachane.

Sasa nimerudi darasani. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tano juu ya kilima kilicho nyuma ya shule. Kwanza tulifanya salongo: tulifyeka nyasi, tukaweka mawe penye matope, tukachora alama nyeupe kwa chokaa ili atakayekuja baada yetu aione njia. Kisha tukapanga mstari. Vijana wenye miguu mirefu walikimbilia mbele kama kawaida yao. Nikawarudisha nyuma, nikamwita mtoto mmoja mnyonge, mwenye pumu, nikamweka wa kwanza.

«Mwalimu,» waliniuliza, «tutafika lini kwa mwendo huo?»

Nikawaambia: «Tutafika wote.»